Kabla hujaamua juu ya mbwa wako, uliza jina la uvimbe

Mbwa wangu Doria alikuwa na miaka tisa nilipoligusa lile bonge. Nilikuwa namtoa kupe, kazi yangu ya kila Alhamisi jioni wakati wa masika. Nimevaa glavu za mpira na kanga ya shamba, naye kalala chali mbele ya banda la karafuu, miguu juu, macho nusu yamefumba. Kwenye titi la mwisho la kushoto, karibu na paja, vidole vyangu vikakuta kitu kigumu kama kokwa ya tende iliyozama chini ya ngozi. Nikakibonyeza. Hakulia, alinitazama tu. Nikajiambia ni jipu, au maziwa yameganda, nikaendelea na kupe.

Nilijiambia hivyo kwa miezi sita.

Naandika haya kwa sababu ya miezi hiyo sita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikuficha yangu, nilificha ya mbwa. Sababu yake wewe wa hapa Pemba unaijua bila kuambiwa. Mwanamke mjane, mwenye wajukuu, anayeswali, aende mjini Chake Chake kwa daktari wa mifugo akakae foleni pamoja na wenye ng'ombe na mbuzi, yeye kashika kamba ya mbwa? Ng'ombe wako akiumwa watu hukupa pole. Mbwa wako akiumwa watu hukutazama wewe, wakajiuliza umepatwa na nini. Nikaona haya. Lile bonge likawa linakua huku mimi naona haya.

Nikueleze kwanza Doria alikuwa nani kwetu. Shamba letu liko upande wa Mtambile, mikarafuu aliyoniachia marehemu mume wangu na kipande cha mihogo chini bondeni. Mtu aliyewahi kuanika karafuu anajua usiku wa msimu ulivyo. Umechuma, umechambua makonyo, umetandaza majamvi, na mali yako yote ya mwaka imelala nje ya mlango, ambapo mtu yeyote anaweza kuja na gunia. Doria alilala pembeni ya majamvi. Mchana alishinda bondeni akifukuza tumbili. Tangu mume wangu afariki hakuna mwanamume anayelala nyumbani kwangu. Mimi nililala usingizi kwa sababu yeye alikuwa macho. Hivyo mtu akiniambia "mbwa tu", sigombani naye, lakini sikubaliani naye.

Na kwa wale watakaoniuliza habari ya dini, ambao najua ni wengi na wana haki ya kuuliza: mbwa wa ulinzi wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tunajua kwamba alipogusa kwa unyevu huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kikavu kwa kikavu hakina najisi. Nimeweka kopo la udongo safi karibu na mfereji miaka yote hiyo, na kanga ya shamba haiingii ndani ya nyumba. Kumuuguza Doria hakukunipotezea sala hata moja. Na sote tulisomeshwa chuoni hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema kwamba katika kila chenye ini bichi kuna ujira. Mimi niliisoma nikiwa na miaka saba. Nilikuja kuielewa nikiwa na hamsini na nane.

Siku nilipokwenda Chake hatimaye, bonge lilikuwa kubwa kama yai la kuku. Daktari hakunicheka. Alimpapasa Doria titi baada ya titi, pande zote mbili, akapapasa na kinena, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akanieleza mambo ambayo natamani ningeyajua mapema, na kwa hiyo nakueleza wewe leo.

Mbwa jike kwa kawaida ana matiti kumi, jozi tano, na uvimbe hupenda zaidi zile jozi mbili za nyuma. Uvimbe wa matiti ndio saratani inayowapata sana majike ambao hawajafungwa uzazi. Akifungwa mapema, kabla ya joto lake la kwanza, yaani kabla hajaanza kutaka dume, hatari hiyo hupungua sana, na kila joto linalopita faida hiyo inapungua. Doria sikuwahi kumfunga. Si kila bonge la titi ni saratani, maana kwa makadirio ya siku nyingi ya madaktari karibu nusu huwa hayana ubaya, lakini mkono hauwezi kujua lipi ni lipi. Ukubwa nao una maana: lililo chini ya sentimita 3 lina matumaini bora kuliko lililopita hapo. La Doria lilikuwa na sentimita 5. Miezi sita nyuma lilikuwa kokwa ya tende. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye benchi, daktari hakuwa na haja ya kunifanyia.

Ukiliona titi limevimba lote, jekundu, lina joto na mbwa hataki uliguse, usikae hata wiki moja ukidhani ni maziwa. Liko aina moja ya saratani ya titi inayokuja kwa sura hiyo, ni kali mno, na hiyo hata kisu hakiisaidii.

Nilirudi nyumbani na neno moja tu kichwani: kansa. Na hapa ndipo ninapotaka kukushika mkono hasa. Jioni ile ile ami yangu, mdogo wake baba, alikuja kunitazama. Nilipomwambia akatikisa kichwa. "Mwanangu, kansa ni kansa. Mtafutie mtu ammalize, usimtese, na wewe usijitese." Alisema kwa huruma, wala simlaumu. Lakini alikosea. Saratani si ugonjwa mmoja. Jina hilo yamepewa magonjwa mengi yasiyofanana, na mbwa wawili wanaweza wote kuambiwa "kansa", mmoja akapona kabisa na mwenzake akafa ndani ya mwezi.

Nina ushahidi wa karibu. Jirani yangu ng'ambo ya bonde alikuwa na mbwa dume, mwindaji, anayetembea ovyo kama wanavyotembea mbwa wetu wengi. Akaanza kuvuja damu kwenye uume. Walipomtazama wakakuta nyama imeota, nyekundu, yenye vishimo na vinundu kama matumbawe, ikiguswa tu inatoka damu. Watu wote wakasema amekwisha. Kumbe huo ni uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa, hasa kwa kupandana. Wala si virusi, ni seli za saratani zenyewe zinazohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, na wataalamu wanasema zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Unaweza kumtokea mbwa hata puani au mdomoni kwa sababu mbwa hunusa na kulambana. Jike akiwa nao, watu hudhani ni damu ya joto isiyokatika.

Ugonjwa huo unatisha kuutazama, na ndio mmojawapo wa saratani za mbwa zinazotibika vizuri kuliko zote. Dawa yake inaitwa vinkristini, sindano ya mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, wengine zaidi kidogo, na zaidi ya mbwa 9 katika 10 hupona. Yule wa jirani alidungwa mara tano. Leo anawinda. Na nikuambie kilichonifanya nikae kimya nilipokisikia: dawa hiyo asili yake ni kile kiua kidogo cha zambarau chenye petali tano, asili ya Bukini, yaani Madagaska, kinachoota kwenye kuta za mawe, kandokando ya makaburi na mbele ya nyumba zetu nyingi hapa. Nakipanda mimi mwenyewe mlangoni. Usije ukakichemsha ukamnywesha mbwa, naomba sana. Kina sumu, na dawa yenyewe hutolewa kwa kipimo cha kitaalamu. Hata ile sindano ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama vibaya, kwa hiyo hadungi mtu asiyejua.

Basi lau jirani yangu angemsikiliza ami yangu, mbwa anayepona angemalizwa kwa rungu. Ndiyo maana nasema, kabla hujaamua lolote uliza: uvimbe huu jina lake nani? Usiridhike na "kansa". Daktari anaweza kuchoma sindano nyembamba, akapaka alichovuta kwenye kioo na kukitazama kwa darubini. Kwa baadhi ya uvimbe hilo linatosha, ule wa jirani ulijulikana kwa kioo tu. Kwa titi mara nyingi halitoshi, hukatwa lenyewe likapelekwa maabara. Uliza pia: umeshasambaa? Kwa titi, njia yake ni tezi za kinena na kwapa, kisha mapafu. Na uliza swali ambalo wengi tunalisahau kwa kihoro: tusipofanya kitu, ugonjwa wenyewe utakwendaje?

Nenda na mtu mwingine, au andika. Mimi siku ile nilisikia maneno matatu tu kati ya mia. Mara ya pili nilikwenda na binti yangu na daftari la skuli la mjukuu, tukaandika kila kitu, na lile daftari lilinisaidia kuliko dua nyingi za watu waliokuja kunihurumia.

Doria alipasuliwa Chake. Waliondoa matiti mawili ya nyuma pamoja na tezi ya kinena, na walimfunga uzazi papo hapo. Kipande kikatiwa kwenye chupa ya dawa kikavushwa bara, Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine kina skuli ya udaktari wa wanyama. Gharama yote, pamoja na gari ya kwenda na kurudi na chupa ile, ilikaribia bei ya mbuzi wawili wakubwa. Nilikuwa nazo kwa sababu msimu ulikuwa mzuri. Asiyekuwa nazo asijione muovu, na hilo nitalirudia huko mbele.

Siku za mwanzo nyumbani si za raha. Mbwa atataka kulamba nyuzi, na zikifunguka umerudi mwanzo. Kola ya plastiki sikupata, nikakata ndoo kuukuu ya rangi kitako nikaizungushia kitambaa ukingoni, ikafanya kazi siku kumi na mbili mpaka nyuzi zilipotolewa. Nilimlaza ndani ya banda la karafuu juu ya magunia safi, mbali na vumbi na inzi. Chakula kilikuwa ubwabwa laini na dagaa waliochemshwa bila chumvi, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Watu waliniletea ushauri wao: mmoja aseme choma kidonda kwa chuma cha moto, mwingine aseme bandika muarubaini, wa tatu anitake nimchanje pale palipobaki uvimbe mdogo. Niliwashukuru wote na sikufanya hata kimoja. Uvimbe usioujua usiutoboe wala kuuunguza. Unaongeza maumivu na kidonda kisichopona, hauondoi kitu.

Na dawa ya maumivu, hapa nakuomba usikie vizuri kwa sababu nimeshuhudia mbwa akifa hivi. Usiende duka la dawa ukamnunulia mbwa dawa yako. Diklofenaki na ibuprofeni, hizi tunazomeza kwa mgongo na meno, humtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Paracetamoli nayo inaweza kumharibu ini. Zipo za maumivu zinazowafaa mbwa, Doria alipewa meloksikamu kwa tone kulingana na uzito wake, na daktari alinionya kwamba hiyo haichanganywi na dawa iitwayo prednisoloni hata siku moja. Mbwa wako akiwa na maumivu usiku na hukuwa na dawa yake, mpigie daktari. Nilimpigia wangu saa tano ya usiku na hakunigombeza.

Majibu yalichukua wiki tatu. Sijui kama kuna mtu anayeweza kumsaidia mwenzake kwa wiki hizo. Nilichogundua ni kwamba mbwa hangoji majibu. Doria hakujua kuna chupa yenye kipande chake iliyovuka bahari. Alifajiri akitaka uji wake na akitaka kujua tumbili wako wapi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlilia akiwa hai mbele yangu, anatikisa mkia. Siku moja nikaliona hilo, nikaondoka jikoni nikaenda kukaa naye bondeni mpaka alasiri. Tangu hapo nikawa nafanya hivyo kila siku.

Majibu: saratani ya titi. Kingo za kilichokatwa zilikuwa safi, lakini ndani ya tezi ya kinena zilionekana seli zake. Maana yake ilikuwa imeshaanza safari.

Sasa ndipo ukaja uamuzi. Njia ya kwanza ni kumvusha Doria: boti kutoka bandari ya Mkoani mpaka Unguja, boti nyingine Dar es Salaam, kisha barabara ya kilomita karibu mia mbili mpaka Morogoro, apigwe picha ya kifua na pengine aanzishiwe dawa za kuua seli za saratani. Njia ya pili ni kubaki nyumbani, kumwangalia, kumtibu kila litakalojitokeza. Binti yangu alitaka njia ya kwanza. Alikuwa tayari kuuza simu yake.

Nilimuuliza daktari waziwazi: dawa hizo kwa ugonjwa huu wa Doria zitampa nini? Akanijibu kwa uaminifu ambao namshukuru mpaka leo. Kwa uvimbe wa jirani dawa inaponya. Kwa saratani ya tezi za mwili inayoitwa limfoma, dawa humpa mbwa miezi mingi ya uzima ambayo asingeipata, kwa sababu bila dawa huondoka kwa wiki chache. Kwa saratani ya titi, kazi kubwa imefanywa na kisu, na ushahidi kwamba dawa za baada ya hapo zinarefusha maisha ni dhaifu. Kisha nikamtazama Doria mwenyewe. Ni mbwa aliyetapika njia nzima kutoka Mtambile hadi Chake, akitetemeka kiasi cha kujikojolea. Boti mbili na basi, aende na arudi kila baada ya wiki tatu, kwa faida ambayo hakuna anayeweza kuniapia?

Nikachagua nyumbani. Angekuwa na ugonjwa wa mbwa wa jirani, ningeuza hata majamvi nimpeleke. Ndivyo ninavyotaka uamue na wewe: si kwa kupima mapenzi yako, maana mapenzi hayana mashaka, bali kwa kuuliza matibabu haya yatamletea nini yeye, na atayalipia kwa siku ngapi za hofu na kichefuchefu. Ikiwa jibu lako ni tofauti na langu kwa sababu mbwa wako ana miaka minne na anapenda kupanda gari, basi jibu lako ni sahihi kwako.

Na ikiwa huna fedha, sema hivyo kwa daktari tangu mwanzo. Mwambie, "Nina kiasi hiki, kifanye kitu gani?" Fedha kidogo iliyokwenda kwenye dawa ya maumivu imefanya kazi kubwa kuliko nyingi iliyokwenda kwenye upasuaji wa tatu.

Ukichagua dawa za saratani, jua kwamba zinatoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi kwa siku mbili tatu baada ya sindano. Glavu ni lazima, na mwanamke mjamzito na watoto wakae mbali na usafi huo. Sisi tuliozoea kujitahadhari na unyevu wa mbwa tuna nusu ya adabu hiyo tayari. Mbwa akipata homa au akalegea ndani ya wiki mbili za kwanza, usingoje asubuhi, kinga yake ya mwili inakuwa imeshuka.

Doria aliishi miezi kumi baada ya kisu. Sitakusimulia yote. Aliulinda msimu mmoja mzima, majamvi hayakupungua hata pishi moja. Aliniamsha usiku mmoja kwa mwizi wa kweli. Alizeeka usoni, akawa na mvi kwenye kidevu, na akaanza kunifuata mpaka mlangoni na kulala kizingitini, jambo ambalo hakulifanya ujanani. Ulikuwa wakati mzuri. Nisingeupata lau ningekubali neno la jioni ile.

Kisha akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha usiku. Daktari alikuwa amenifundisha kuhesabu pumzi zake akiwa usingizini: kifua kikipanda na kushuka ni moja, unahesabu dakika nzima. Mbwa aliyetulia usingizini huwa chini ya 30. Nilikuwa nahesabu kwa saa ya ukutani, mlango wazi, taa ya kandili. Ishirini na mbili. Ishirini na sita. Wiki iliyofuata thelathini na nne. Nikajua bila picha.

Kwenye kalenda ya nyakati za sala iliyotundikwa jikoni nikaanza kutia alama kila baada ya isha. Duara kwa siku njema, mkwaju kwa siku mbaya. Siku njema niliipa maana kabisa ili nisijidanganye: amekula mwenyewe, amenyanyuka kuja kunipokea, amelala bila kuhangaika. Kwa Doria nilitia na la nne: amebweka kwa tumbili. Moyo husahau. Ukimpenda, siku moja njema inafuta mbaya tatu, na unasema "mbona jana alikuwa mzuri". Kalenda haikunikubalia. Ilipofika wiki yenye mikwaju mitano na maduara mawili, nikampigia daktari.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa ustadhi wa msikiti wetu, nikamuuliza kumaliza maisha ya mnyama asiye na tamaa ya kupona. Ninakueleza alivyonijibu mimi, wewe muulize wako. Alinikumbusha kwamba tumeamrishwa ihsani katika kila kitu, hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Akaniambia ikiwa kumwacha ni kumtesa na daktari ana njia isiyo na maumivu, nisione uzito. Nilitoka pale nikaweza kupumua.

Mwulize daktari mapema atatumia nini na kwa utaratibu gani. Kuwe na sindano ya usingizi mzito kwanza, mbwa asijue lolote, kisha ile ya pili. Usimwachie kijana wa mtaani kazi hiyo kwa rungu wala kwa sumu ndani ya nyama. Mbwa aliyekulinda miaka tisa hastahili kufa akitapatapa kichakani. Ikiwezekana daktari aje nyumbani. Wangu alikuja kwa pikipiki, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Doria alikuwa kwenye gunia lake chini ya mkarafuu mkubwa. Nilivaa glavu, nikamshika kichwa, nikamwambia maneno ambayo ni yangu na yake. Alilala. Kifua kilipanda mara chache, nikawa nahesabu kwa mazoea, kisha sikuwa na la kuhesabu.

Shimo lilichimbwa refu, kiasi cha kiuno cha mtu mzima, mbali na kisima, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na mnyama atakayefukua akila naye hufa. Aliyechimba ni ami yangu. Sikumwita. Alisikia pikipiki, akaja na jembe lake begani, akachimba bila kusema kitu, miaka sabini na moja aliyonayo. Mjukuu wangu aliuliza kama Doria atarudi. Nikamwambia hapana, amekufa, alikuwa mgonjwa na sasa haumwi. Watoto huelewa. Ukiwaambia amesafiri watamngoja.

Baada ya hapo hakuna mtu anayekuja na khitima wala sahani ya wali. Majirani wanakupita na salamu zao za kila siku, na wewe unajibu "salama" huku koo limeziba. Jipe ruhusa ya kuwa na huzuni kamili. Mimi nilijificha wiki nzima nikilia wakati wa kuchota maji, kisha nikamwambia rafiki yangu mmoja tu, anayefuga paka, na yeye alikaa nami kibarazani mpaka magharibi. Mtafute huyo mmoja. Hata mjini au kwenye simu, mtafute.

Ile miezi sita ya mwanzo bado inaniuma. Daktari alinihakikishia kwamba hakuna awezaye kusema ingebadilisha nini, na namwamini. Lakini hainitoki, na sijaribu kuitoa.

Wiki mbili baada ya mazishi, jioni, ami yangu alikuja tena. Safari hii alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba yumo jike lake la bondeni, mwekundu, mwembamba, ambaye sikuwahi kusikia akimwita kwa jina. Akasimama uani, akakohoa, akatazama mikarafuu.

"Mwanangu," akasema, "hebu mpapase na huyu."

Nikaenda kuchukua glavu. Nikapiga magoti, nikaanza na yale ya nyuma.